Kuuliza Kabla ya Kuchimba: Kerneli na Ramani ya Kumbukumbu

Mhadhara kwa wanafunzi, walimu na mafundi wa kompyuta, Kakamega



Kuna ugomvi ambao kila fundi wa kompyuta katika mji huu anaujua. Mteja ameleta mashine yake ya mwaka 2006 au 2007 iongezwe RAM. Anataka gigabaiti 4. Fundi anachomeka vipande viwili vya gigabaiti mbili mbili, anaiwasha, na mashine inatangaza kwamba ina gigabaiti 3 na kitu. Mteja anasoma lebo za vipande, anarudi kwenye skrini, anasoma tena. Mbili na mbili ni nne. Iliyobaki iko wapi? Na kwa kuwa tunaishi Kenya, jibu la kwanza linalomjia ni kwamba ameibiwa.

Hajaibiwa. Vipande vyote viwili vimo ndani, vizima, na umeme unavifikia. Lakini mteja ameuliza, bila kujua, swali ambalo waandishi wa mifumo endeshi wamehangaika nalo angalau tangu kompyuta ya IBM ya mwaka 1981: mashine inajuaje ina kumbukumbu kiasi gani, na iko wapi?

Tusikimbilie jibu. Kerneli, ile programu ya ndani kabisa ya mfumo endeshi, ndiyo inayogawa kumbukumbu, muda wa kichakataji na vifaa kwa programu nyingine zote. Linux ni kerneli, Windows ina yake, na simu za Android zilizo mifukoni mwenu zinaendeshwa na Linux. Sasa fikirini: faili moja la kerneli, lilelile, linatakiwa kuamka leo kwenye kompyuta ya shule yenye megabaiti 512 na kesho kwenye seva yenye gigabaiti 64. Linapoamka halijui limeamkia wapi. Na haliwezi kugawa kisichojulikana. Kosa la baiti moja hapa halionekani kama kosa. Huonekana baada ya saa tatu, pale hati ya mtu inapojaa herufi za ajabu au mashine inapoganda bila kusema kwa nini.

Njia za kujua ni mbili: kupima au kuuliza. Ninachotetea jioni hii ni kwamba kerneli iliyoandikwa vizuri haipimi. Huuliza, kisha hulitilia jibu shaka kabla ya kulitumia. Nami nitaongeza kwamba mashine kuukuu tulizojaziwa huku Magharibi mwa Kenya ni shule bora ya somo hili kuliko maabara mpya ya vioo.

Kila mwanafunzi anayeanza kuandika kerneli yake mwenyewe huanza kwa kupima, na sababu inaeleweka, maana msimbo wake ni mistari mitano. Andika namba fulani kwenye anwani, isome, linganisha. Ikirudi kama ulivyoiandika, pana kumbukumbu; songa mbele megabaiti moja, rudia. Isiporudi, umefika mwisho. Inavutia kwa urahisi wake, na ni hatari tupu.

Hatari ya kwanza ni kuchanganya anwani na kumbukumbu. Kichakataji hutoa anwani, yaani namba ya mahali, lakini nyuma ya anwani hiyo si lazima pawe na RAM. Panaweza kuwa na kadi ya mtandao. Panaweza kuwa na kidhibiti cha diski, saa ya mashine, au chipu ya kusomwa tu isiyoandikika. Katika hali ya maandishi ya kompyuta za ukoo wa IBM, ukiandika herufi kwenye anwani 0xB8000 itajitokeza kwenye kona ya juu kushoto ya skrini. (Ile sifuri na eksi ya mwanzo inaonyesha kwamba namba imeandikwa kwa msingi wa 16, wanahesabu mtanisamehe, wengine zoeeni.) Kuandika herufi kwenye skrini hakuumizi mtu. Lakini kuna anwani ambazo kuandika ndani yake ni kutoa amri, na programu inayopima kwa upofu inatoa amri isizozijua kwa vifaa isivyovijua.

Kakamega inayo historia ya upimaji wa namna hii. Dhahabu ilipogunduliwa hapa mwaka 1931, watafutaji walimiminika na kuanza kuchimba mitaro ya majaribio katika mashamba ya watu, ili wajue kama chini kuna kitu. Mwaka 1932 serikali ya kikoloni ikabadilisha sheria ya ardhi za Waafrika ili kuzitoa kwa migodi kuwe rahisi. Mgodi wa Rosterman uliendelea hadi mwaka 1952, na jina lake limebaki mtaani. Watafutaji walijua kwa kuchimba, na gharama ya kutojua kwao ikalipwa na mwenye shamba. Kerneli inayoandika ovyo kwenye anwani za vifaa inafanya jambo hilohilo: inatafuta chake katika mali ambayo tayari ina mwenyewe.

Hatari nyingine ni za kiufundi zaidi, na mafundi mtazipenda. Nyaya zinazobeba data zina tabia ya kushikilia chaji kwa muda mfupi. Ukiandika mahali pasipo na chochote kisha ukasoma papo hapo, waya unaweza kukurudishia ulichoandika sasa hivi, nawe ukadhani umepata kumbukumbu. Kache ya kichakataji nayo inaweza kukujibu kwa niaba ya RAM isiyokuwepo. Kikusanyaji cha msimbo, kwa werevu wake, kinaweza kuona kwamba unaandika kitu na kukisoma palepale, kikaamua kazi hiyo haina maana na kuifuta kabisa, usipokikataza waziwazi. Na kuna anwani zinazojizungusha: unadhani uko mbali, kumbe umerudi mwanzo.

Hilo la mwisho lina kisa. Kompyuta ya IBM ya mwaka 1981 ilitumia kichakataji cha Intel 8088 chenye nyaya 20 za anwani, kwa hiyo ilifikia anwani 1,048,576, yaani megabaiti moja. Ukivuka hapo, ulirudi sifuri. Baadhi ya programu zikaitegemea tabia hiyo. Mwaka 1984 ilipokuja kompyuta ya IBM AT, yenye kichakataji cha 80286 na nyaya 24, IBM haikutaka kuziharibu programu za zamani, ikaweka swichi ya kuzima waya wa ishirini na moja, ule unaoitwa A20. Na swichi hiyo waliiweka wapi? Kwenye kidhibiti cha kibodi, kwa kuwa kilikuwa na mguu mmoja uliobaki bila kazi. Sitanii. Kwa miaka mingi, kerneli iliyotaka kuvuka megabaiti moja ililazimika kwanza kuiomba ruhusa kibodi. Ukipima kumbukumbu huku A20 imezimwa, anwani 0x100000 ni ileile sifuri, na utakuwa unaandika juu ya meza muhimu zilizo chini kabisa huku ukijisifu kwamba umegundua megabaiti ya pili.

Basi tuulize. Tumwulize nani?

Katika kila ubao mama kuna programu iliyohifadhiwa kwenye chipu, inayoamka kabla ya kitu kingine chochote. Kwa mashine za zamani ni BIOS, kwa za sasa ni UEFI. Yenyewe inajuaje? Haipimi kwa upofu pia. Kila kipande cha RAM cha kisasa kimebeba chipu ndogo ya maelezo, ya baiti 256 kwa DDR2 na DDR3, baiti 512 kwa DDR4, iliyoandikwa kiwandani: ukubwa, kasi, mpangilio. BIOS huisoma kupitia nyaya mbili nyembamba, huipanga RAM kwenye anwani, na baada ya hapo ndiyo pekee inayojua nini kiko wapi. Anayepanga ndiye wa kuulizwa.

Namna ya kuuliza imebadilika mara kadhaa, na kila badiliko lilitokana na mtu aliyeamini kwamba kiasi fulani kitatosha. Swali la kwanza, katizo (wito wa huduma ya BIOS) namba 12 kwa msingi wa 16, lilirudisha idadi ya kilobaiti za chini, nazo hazizidi 640. Likafuata katizo 15 na namba ya huduma 88, lililohesabu kilobaiti zilizo juu ya megabaiti ya kwanza. Jibu lake lilikaa ndani ya biti 16, kwa hiyo halikuweza kusema zaidi ya kilobaiti 65,535, yaani takriban megabaiti 64. Linus Torvalds alipokuwa akiiendeleza Linux yake mwaka 1991 kule Helsinki, hilo ndilo swali aliloliuliza, na mashine ikidai zaidi ya megabaiti 16, kerneli yake iliishia 16. Kwa wakati ule hakuna aliyelalamika. Baadaye likaja E801, halafu likaja swali ambalo kila mwandishi wa kerneli za kompyuta hizi analijua kwa jina: E820.

Tofauti kubwa ya E820 ni umbo la jibu. Maswali ya mwanzo yaliomba kiasi. E820 huomba ramani. Unaweka namba E820 kwenye rejista ya kichakataji iitwayo EAX, sifuri kwenye EBX, na kwenye EDX unaweka herufi nne SMAP kama utambulisho. BIOS inakuandikia mstari mmoja wa baiti 20: nane za mwanzo wa eneo, nane za urefu, nne za aina. Inakurudishia namba kwenye EBX, nawe unairudisha kwayo ili ikupe mstari unaofuata, hadi EBX irudi sifuri. Aina ya 1 ni kumbukumbu ya kutumia. Aina ya 2 imetengwa, usiguse. Ya 3 ina meza za usimamizi wa umeme ambazo ukishazisoma unaweza kuchukua nafasi yake. Ya 4 ni ya BIOS yenyewe ya kudumu. Ya 5 ni kumbukumbu mbovu.

Chukueni kompyuta ya kuigiza ya QEMU mliyoipa megabaiti 512, wanafunzi wengi mnayo. Mstari wa kwanza unatoka sifuri hadi 0x9FBFF, kilobaiti 639, za kutumia. Kilobaiti moja inayofuata, hadi 0x9FFFF, imetengwa kwa kumbukumbu za BIOS. Kisha kutoka 0xF0000 hadi 0xFFFFF, kilobaiti 64, imetengwa. Humo mna BIOS. Kutoka 0x100000 hadi 0x1FFDFFFF ndilo eneo kubwa la kutumia, karibu megabaiti 511. Baada yake kilobaiti 128 zimetengwa, na mbali kabisa, chini kidogo ya gigabaiti ya nne, kilobaiti 256 nyingine.

Sasa angalieni kisichosemwa. Kati ya 0xA0000 na 0xEFFFF orodha imenyamaza. Haikusema ni ya kutumia, haikusema imetengwa. Mwanafunzi mwenye haraka atasoma ukimya huo kama ruhusa. Hapo ndipo penye kumbukumbu ya skrini na chipu za kadi mbalimbali. Kanuni ya kerneli ni kali: kilichotajwa kwa aina ya 1 ni chako, na cha aina ya 3 ukishakisoma; kingine chote si chako, kiwe kimetajwa au hakikutajwa.

Turudi kwa mteja wetu na gigabaiti zake 4. Anwani za biti 32 zinaishia 4,294,967,295. Ndani ya nafasi hiyo lazima ziingie pia anwani za kadi ya picha, kadi ya mtandao, vidhibiti vya makatizo, na chipu ya BIOS, na kwa desturi vyote hivyo hukaa juu, chini kidogo ya gigabaiti ya nne. RAM ikijaa hadi juu, vinagongana, na vifaa ndivyo vinavyoshinda. Ubao mama mzuri huhamisha RAM iliyofunikwa na kuipa anwani juu ya gigabaiti ya nne, na mfumo endeshi wa biti 64 utaifikia huko. Lakini chipseti kama Intel 945, iliyokuwa kwenye mashine nyingi za mwaka 2006 na 2007, haina anwani za kuipeleka huko. RAM ipo, anwani hakuna. Ndiyo maana ule ushauri wa kawaida, "weka Windows ya biti 64 zitaonekana zote," hausaidii chochote kwenye mashine ile, na fundi anayeutoa anajiongezea ugomvi. Ongezeni na sehemu ambayo kadi ya picha iliyo ndani ya ubao hujichukulia kutoka RAM hiyohiyo. Mweleze mteja kabla hajalipa. Afadhali amalizie fedha kwenye SSD.

Nimesema kerneli huuliza kisha hutilia shaka. Shaka hiyo imetokana na majeraha. Zipo BIOS zinazotoa mistari isiyo na mpangilio wa anwani. Nyingine hutoa maeneo yanayopishana, moja likisema ya kutumia na jingine likisema imetengwa juu ya anwani zilezile. Nyingine hutoa mstari wenye urefu sifuri. Linux ina sehemu ya msimbo isiyo na kazi nyingine ila kuisafisha ramani hii: inaipanga, inaikata pale inapopishana, na maeneo mawili yakibishana, aina yenye namba kubwa ndiyo inayoshinda, kwa hiyo dai la kutengwa hulishinda dai la kutumika. Huo ni uamuzi wa busara. Kupoteza kilobaiti chache hakuna anayekujua. Kutumia kilobaiti zisizo zako kutajulikana.

Na hata jibu safi linaweza kuwa la uongo. Ilibainika kwamba BIOS kadhaa zilitangaza kilobaiti za mwanzo kuwa za kutumia, halafu zenyewe zikaendelea kuandika humo kimyakimya mashine ilipolala na kuamka, au hata waya wa skrini ulipochomekwa. Linux ikaamua kuacha kilobaiti 64 za kwanza. Mwaka 2021, katika toleo la 5.13, ikaacha kubishana: kwenye kompyuta za ukoo huu megabaiti yote ya kwanza haitumiki kwa ugawaji wa kawaida, hata BIOS iseme nini. Mashine yote ya mwaka 1981, kumbukumbu zake na skrini yake, imekuwa kipande kisichostahili kugombaniwa.

UEFI ilikuja na adabu zaidi na utata wake. Hapa unaita huduma inayokupa ramani yote kwa mkupuo, ikihesabu kwa kurasa za kilobaiti 4. Lakini ramani inahitaji mahali pa kuandikwa, na kuomba mahali hapo kunabadilisha ramani. Kwa hiyo UEFI hukupa na ufunguo, namba inayoonyesha toleo la ramani uliyopewa. Unapotaka kuiaga UEFI na kushika hatamu, unarudisha ufunguo. Ikiwa ramani imebadilika tangu uulize, inakukatalia, nawe unauliza upya. Napenda ubunifu huu kuliko kitu kingine chochote katika somo hili, kwa sababu umekiri kwamba kuuliza nako kunagusa. Hata hivyo watengenezaji wengine wamefanikiwa kuuharibu: kuna UEFI zinazoendelea kugusa kumbukumbu zilizoahidi kuiacha baada ya kuagwa, na Linux hulazimika kungoja kidogo kabla ya kuichukua.

Kwenye simu na vibao vidogo kama Raspberry Pi mambo ni mafupi. Mara nyingi anayeulizwa hayupo. Anayetengeneza kifaa huandika faili la maelezo, mti wa vifaa, linaloeleza kumbukumbu inaanzia wapi na ina urefu gani, na kerneli hulisoma inapoamka. Mwaka 2011 Torvalds alilalamika kwa ukali kuhusu msimbo wa vichakataji vya ARM uliokuwa ukirudiwarudiwa kwa kila kibao, na mti wa vifaa ukawa sehemu kubwa ya dawa.

Najua kuna mtu hapa anayesubiri kuninasa kwa habari ya flashi. Kwenye soko letu kuna flashi na kadi zilizoandikwa gigabaiti 64 ambazo ndani zina 8. Chipu ya ndani imefundishwa kusema uongo. Ukiiuliza, inajibu 64 bila aibu. Unaandika picha za harusi, zinaonekana zimeingia, na zile za mwisho zimeandikwa juu ya za kwanza au zimepotea tu. Programu za H2testw na F3 huikamata kwa kuijaza flashi yote kisha kuisoma tena. Huko si kupima? Ni kupima, na ni sahihi. Tofauti ni kwamba ndani ya flashi hakuna jirani: kila anwani ni ya hifadhi, na waliopo mezani ni wewe na flashi tupu. Katika nafasi ya anwani za kichakataji majirani wamejaa. Upimaji una mahali pake, na ni baada ya ramani kupatikana, ndani ya mipaka yake.

Mahali hapo panatuhusu sana sisi wa Kakamega, kwa sababu ya radi. Mvua zetu za alasiri mnazijua. Radi ikipiga karibu, au umeme ukikatika na kurudi kwa kishindo, RAM inaweza kubaki na jeraha dogo: biti moja kwenye anwani moja inayokataa kubadilika. Mashine inawaka, inafanya kazi, halafu inaganda kila inapofika hapo. Fundi anabadilisha diski, anaweka Windows upya, anajaribu Windows nyingine. Wekeni Memtest86+ kwenye flashi nzima, iacheni ifanye kazi usiku kucha, na itawapa anwani. Mkishaipata, si lazima kipande kitupwe. Tuseme jeraha liko ndani ya megabaiti inayoanzia 0x5A300000. Kerneli ya Linux ikipewa kwenye mstari wake wa kuwashia maneno memmap=1M$0x5a300000, itaandika megabaiti hiyo kwenye ramani kama iliyotengwa na haitaikanyaga tena. (Kwenye faili la GRUB, kipakiaji cha kerneli, alama ya dola inataka kukingwa kwa mikwaju ya nyuma, wengi hukwama hapo na kudhani mbinu haifai.) Kuna pia chaguo la memtest= ambalo huifanya kerneli ijaribu yenyewe maeneo yake inapoamka na kuyatenga mabovu.

Je, ni haki kumpa mwanafunzi mashine yenye RAM iliyojeruhiwa? Kwa kujifunza kuchapa, kuandika programu, kusoma masomo yaliyohifadhiwa, naona ni haki kabisa. Kwa hesabu za karo za shule, hapana. Jeraha moja mara nyingi huzaa jingine, na pesa za watu hazijaribiwi.

Mashine nyingi ninazozizungumzia zilikuja zikiwa zimetumika. Shirika la Computers for Schools Kenya limekuwa likikarabati kompyuta kwa ajili ya shule tangu mwaka 2002. Camara ya Ireland, iliyoanzishwa mwaka 2005, ilifanya kazi hiyo pia Afrika Mashariki, ikitumia Linux. Wengine wamezipinga, Uganda mwaka 2009 iliamua kupiga marufuku uingizaji wa kompyuta zilizotumika, kwa hofu ya taka za kielektroniki. Hofu hiyo ina msingi, na sitaibeza. Mashine inayokufa baada ya mwaka mmoja ni taka iliyolipiwa usafiri.

Lakini kwa somo letu zina thamani ambayo hakuna aliyeihesabu. QEMU hujibu vizuri kila mara: mistari imepangwa, haipishani, haina uongo. Mwanafunzi aliyefundishwa kwa QEMU pekee anaandika kerneli inayoamini kila inachoambiwa, nayo huanguka kwenye mashine halisi ya kwanza inayokutana nayo. Chumba chenye Dell ya 2005, HP ya 2008, Lenovo ya 2012 na mashine ambayo nembo yake imeng'oka kina BIOS nne zilizoandikwa na watu wanne wenye mazoea tofauti. Wenzetu wa vyuo vyenye fedha wanazisoma hitilafu hizi katika maelezo ya watu wengine. Sisi tunazo mezani.

Kwa hiyo nina ombi, na ni la kazi. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Masinde Muliro, wa vyuo vya ufundi, na mafundi wa mjini: kila mashine kuukuu inayopita mikononi mwenu, kabla hamjaitengeneza au kuichambua kwa vipuri, iwasheni kwa Linux kutoka flashi. Fungueni dirisha la amri, andikeni sudo dmesg | grep -i e820, na hifadhini mistari itakayotokea pamoja na aina ya ubao mama, toleo la BIOS na RAM iliyokuwemo. Msiandike jina la mwenye mashine wala kugusa faili zake. Yakusanyeni majibu hayo mahali pamoja, na walimu wayatumie kuzijaribu kerneli za wanafunzi wao, kila moja ikilazimishwa kuamka juu ya kila ramani, zile mbovu kwanza. Kazi ya mashine moja haifiki dakika kumi, haihitaji bajeti ya mtu, na inaweza kuanza kesho asubuhi kwenye kibanda chochote chenye umeme.